Aliyekihariri Kitabu cha Bibi Atiye

Sogeeni karibu, na mwenye swali alishike kwanza, maana leo swali nitauliza mimi, tena mwishoni. Ni kisa cha neno moja lililokosewa, watu watatu waliolirekebisha, na mtu wa nne aliyetakiwa kuamua kati yao, ikamwia vigumu. Nimekisimulia mara nyingi, na kila mara najikuta nimeegemea upande mwingine.

Palikuwa na mji mdogo uitwao Mkalinda, juu ya uwanda mkavu wa kusini, ambako maji huchotwa mbali na mihogo ndiyo chakula. Katika mji huo waliishi watu watatu waliojulikana kwa vipawa vyao.

Wa kwanza aliitwa Somoe Chinguile, mwanamke aliyekuwa na chapa. Alikuwa ameirithi kwa mjomba wake: mtambo mmoja wa chuma na masanduku ya herufi za risasi, maana miaka hiyo maneno yalipangwa kwa mkono, herufi moja moja. Kipawa chake kilikuwa macho. Ukimwekea ukurasa mbele, kabla hajausoma alikuwa ameshaona kilichokaa vibaya. Siku moja alisimama mbele ya tangazo la mkutano lililobandikwa ukutani, hatua kumi kutoka pale, akasema, "Hapo pana herufi imelala." Watu wakasogea kuangalia. Kweli, herufi n ilikuwa imepinduliwa, ikawa u.

Wa pili aliitwa Dadi Mkwachu, mnadi wa mji. Dadi hakuona tangu alipougua surua utotoni. Kipawa chake kilikuwa masikio, na kichwa kilichotunza kila kilichopita masikioni. Asubuhi alisomewa tangazo mara moja tu, na jioni alilitoa sokoni neno kwa neno. Watu walitania kwamba hata aliyemsomea akikohoa katikati, Dadi naye atakohoa palepale.

Wa tatu aliitwa Fikiri Likapa, mpeleka barua. Kipawa chake kilikuwa miguu, na kuijua milango. Alikuwa na baiskeli nzito isiyo na breki ya nyuma, na hakuna nyumba katika vijiji vya huko ambayo hakuifahamu. Iliwahi kuja barua iliyoandikwa juu yake, "Apewe mama yake Hawa, penye mpapai uliolala." Fikiri aliifikisha siku hiyohiyo.

Sasa sikilizeni yaliyotokea.

Misimu miwili mfululizo mvua ilikuwa haba. Mihogo mitamu waliyoizoea watu wa Mkalinda, ile ya kung'oa na kutafuna mbichi, ilikauka ardhini. Iliyosalia ilikuwa ya mbegu ngeni, michungu, waliyoipanda kwa sababu ilisifiwa kwamba inastahimili jua. Na kweli ilistahimili. Lakini mihogo hiyo ina sumu. Anayejua kuiandaa huila bila madhara. Asiyejua humlevya na kumtapisha, na akizidi kuila, humkakamaza miguu.

Aliyeijua pale mjini alikuwa mmoja, Bibi Atiye Likwata, muuguzi mstaafu, mjane aliyeishi na binti yake Zamda. Bibi Atiye alizaliwa mbali, kando ya mto, na kwao mihogo michungu ilikuwa chakula cha kila siku. Katika mwaka wa njaa wa utoto wake, watu walipokosa subira ya kuiloweka, dada yake aliamka asubuhi moja hawezi kunyoosha magoti. Hakutembea tena. Kwa hiyo Bibi alipoona majirani wanaanza kuichimba ile mihogo migeni, aliketi mezani akaandika kijitabu cha kurasa kumi na mbili, cha kuwafundisha namna ya kuitoa sumu.

Kabla hajakipeleka kwa Somoe, alimwita Dadi akamsomea chote.

"Wengi hawatakisoma, watasomewa," alimwambia. "Nataka nijue sikio linaelewa nini."

Dadi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili, akasema kimeeleweka. Basi karatasi zikaenda kwa Somoe. Somoe alipanga herufi siku nne, akazirudisha karatasi kwa mwenyewe. Jumamosi yake Bibi Atiye akaanguka jikoni. Mkono wa kulia ukalegea na ulimi ukawa mzito, asiweze kutamka neno. Zamda alimpakia kwenye lori wakaenda hospitali, safari ya siku mbili, na zile karatasi zilikwenda nao, zimekunjwa ndani ya furushi la nguo.

Jumatatu asubuhi Somoe alikuwa amechapa nakala mia tatu. Mia na arobaini zilikuwa zimeshashonwa. Fikiri akapita na baiskeli yake.

"Bi Somoe, nipe hizo zilizo tayari. Leo naelekea Nahimba na Mikupa."

"Ngoja, sijazisoma mara ya mwisho."

"Watu wameshaanza kuchimba, dada. Jana nimeona akina mama wanamenya."

"Nipe nusu siku tu, Fikiri."

Somoe akaingia chumba cha ndani kutafuta uzi. Alipotoka, zile mia na arobaini hazikuwepo, na Fikiri hakuwepo. Hakuwa mwizi. Alikuwa mtu aliyeona njaa kwa macho yake na hakuweza kusubiri.

Alipopita sokoni, alisimama kidogo akawasomea waliokuwepo ukurasa wa nne kwa sauti: "Menya mihogo, iloweke kwa saa tatu." Dadi alikuwa ameketi karibu na muuza chumvi. Akakunja uso. Yeye siku ile kwa Bibi Atiye alikuwa amesikia "siku tatu". Lakini akajiambia moyoni: Bibi ni muuguzi, labda amebadili mwenyewe. Mimi nani hata nimsahihishe mtu aliyesoma? Akanyamaza, na Fikiri akapanda baiskeli akaondoka.

Ndivyo neno lile lilivyotoka Mkalinda likiwa limekosewa. Sasa nitawaambia lilivyorudishwa.

Jumanne asubuhi Somoe alikuwa akishona nakala zilizobaki. Hakuwa anasoma, alikuwa anakunja na kupitisha sindano. Mkono ukasimama wenyewe. Kwenye ukurasa wa nne palikuwa na "saa tatu" mbili, moja juu ya nyingine, zimekaa kama madirisha mawili ya nyumba moja. Mstari wa juu ulisema iloweke kwa saa tatu. Mstari wa chini ulisema, "Anika kuanzia saa tatu asubuhi, jua likiwa limechangamka." Akajua mara moja jicho lake lilipoteleza siku ile ya kupanga herufi. Lakini liliteleza wapi? Mstari wa juu au wa chini? Akafungua ukurasa wa tisa, akakuta: "Maji ya siku ya kwanza mwaga. Ya siku ya pili mwaga pia." Akakaa chini. Kama mihogo hulowekwa kwa saa tatu, maji ya siku ya pili yanatoka wapi? Au ukurasa wa tisa unazungumzia kitu kingine? Hakujua. Yeye alikulia mjini, kwenye mihogo mitamu, na karatasi za Bibi zilikuwa mbali. Alichokijua ni kwamba mahali pale pana kosa. Akafunga mlango wa chapa, akaenda mbio sokoni kumtafuta mtu aliyewahi kusomewa kile kitabu.

Dadi alimtambua kwa hatua zake.

"Bi Somoe, mbona unahema?"

"Bwana Dadi, nisomee ukurasa wa nne wa Bibi Atiye."

Dadi hakuuliza kwa nini. Aliinua uso, akayatoa maneno kama alivyoyapokea, hata sauti yake ikapata ule mkwaruzo wa sauti ya Bibi. "Menya mihogo, iloweke kwa siku tatu, mpaka ukiibonyeza kwa kidole inabonyea. Kila siku badili maji. Kisha uipasue. Anika kuanzia saa tatu asubuhi, jua likiwa limechangamka." Kisha akaongeza, "Hapo aliponiambia siku tatu, alirudia mara mbili. Alisema, siku, Dadi, siku. Dada yangu aliharibikiwa kwa watu kuokoa siku mbili."

Somoe akashika kichwa. "Mimi nimechapa saa."

"Najua," Dadi akasema, na sauti yake ikashuka. "Jana nilimsikia Fikiri akisoma. Nikanyamaza."

Walikuwa bado wamesimama pale, kila mmoja na lake rohoni, Fikiri alipoingia sokoni, mchovu na mwenye furaha, mfuko wake mtupu. Zote mia na arobaini alikuwa ameshazigawa. Walipomweleza, furaha ile iliondoka usoni kama maji yanavyozama mchangani.

"Waliiloweka jana ileile," akasema. "Wengine leo wameanika. Kesho watatwanga."

Hakukaa chini, hata maji hakunywa. Alichukua kalamu mbili za wino kwa Somoe, akageuza baiskeli.

Jumanne ile na Jumatano yake, Fikiri alirudi mlango kwa mlango. Kila nyumba aliomba kitabu, akafungua ukurasa wa nne, akakata "saa" akaandika "siku". Kisha akawasomea, akawataka warudie wenyewe. Waliokwisha kuanika aliwasaidia kuirudisha mihogo majini. Wapo waliomkaribisha, na wapo waliomtukana, maana kumwambia mwenye njaa arudishe chakula majini si jambo dogo. Kufika Jumatano saa nne asubuhi alikuwa amesahihisha mia na thelathini na tisa. Moja haikuonekana. Akaulizia, akaambiwa mama mmoja wa Mikupa ameondoka nayo kwenda kwa wazazi wake, kitongoji cha Litingi. Njiani mnyororo wa baiskeli ukakatika. Akaiegesha kwenye mti akaendelea kwa miguu, mwendo wa kukimbia.

Alipoingia ule ua, sinia lilikuwa katikati, ugali wa mihogo umepakuliwa, na watoto sita wamekwisha kunawa.

"Msile!" Fikiri akapaza sauti.

Bibi wa nyumba ile akamwangalia kuanzia kichwani hadi miguuni. "Wewe si ndiye uliyempa binti yangu karatasi inayosema tule? Leo unasema tusile. Tukuamini lini, juzi au leo?"

Fikiri alitaka kujibu, pumzi ikamkosa. Akaketi mavumbini palepale. "Bibi," akasema baadaye, "tangu jana sijatia kitu tumboni. Nikatieni tonge hilo la kwanza. Mkiona nalila, na ninyi kuleni."

Tonge likakatwa, likawekwa mbele yake. Fikiri akaliangalia, mate yakamjaa, na hakulishika. Yule bibi akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akanyanyuka, akalibeba sinia, akaenda kulimwaga shimoni, na watoto wakaangua kilio.

Hakufa mtu. Watu kama kumi hivi walitapika, na mzee mmoja wa Nahimba alishikwa na kizunguzungu siku tatu, akapona. Hakuna hata mmoja aliyekakamaa miguu. Msimu ule wa njaa ukapita.

Wiki mbili baadaye Zamda alimrudisha mama yake nyumbani. Bibi Atiye alikuwa amekonda, lakini ulimi ulikuwa umefunguka kidogo, akisema maneno machache kwa siku. Watu walikuja kumjulia hali, wakamsimulia yote: kosa, na jinsi lilivyorekebishwa. Alisikiliza amefumba macho, machozi yakimteremka kuelekea masikioni.

Alhamisi moja alasiri, Dadi akiwa amekuja kumwamkia, Bibi alimwagiza Zamda alete shali iliyokuwa sandukuni. Ilikuwa shali ya hariri, rangi ya manjano iliyokolea, aliyoachiwa na mama yake. Zamda alikuwa ameiona mara mbili tu maishani. Bibi akaigusa kwa mkono wa kushoto, akasema polepole:

"Shali hii apewe aliyekihariri kitabu changu."

Zamda akasema, "Sawa, mama." Hakuuliza zaidi. Alidhani kuna kesho ya kuuliza. Ijumaa alfajiri Bibi Atiye akafariki.

Siku za msiba zikaisha, arobaini ikasomwa. Ndipo Zamda akaitoa shali, akaiweka magotini, akagundua kwamba hajui ampe nani. Yeye alikuwa fundi wa kusuka ukindu, hakuwa mtu wa vitabu. Neno lenyewe, kuhariri, alikuwa amelisikia kwenye redio tu. Akaona aanze kwa kuliuliza maana.

Alianza kwa Somoe. "Dada, kuhariri ni kufanya nini?"

Somoe alikuwa akisafisha herufi kwa mafuta ya taa. "Ni kuyapitia maandiko na kuona kilichokosewa kabla hakijawafikia watu," akasema. "Sikufichi, Zamda. Naitaka hiyo shali. Tangu siku ile nikipita watu hunong'ona, huyo ndiye nusura atuue. Ni kweli mkono wangu ndio uliokosea. Lakini ni jicho langu lililoona. Nisingesimamisha sindano, Dadi angeendelea kunyamaza, na Fikiri angekuwa amelala usingizi."

Zamda akaona ni kweli. Akaondoka akiwa karibu kuamua.

Njiani akapita kwa Dadi. "Bwana Dadi, wewe ulikuwepo. Je, mama alisema aliyekihariri, au waliokihariri? Labda mimi nilisikia vibaya."

Zamda alitamani sana asikie "waliokihariri". Kama Dadi angetaka kusema uongo, hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake, maana nani angembishia?

"Alisema aliyekihariri," Dadi akajibu. "Mmoja."

"Na hakusema aliyekisahihisha?"

"Hapana. Aliyekihariri. Mimi nadhani kuhariri ni kulirudisha neno kwa mwenyewe. Mtu akisema siku, ibaki siku. Somoe aliona shimo, hakujua cha kulijazia. Fikiri aliandika 'siku' kwa sababu mimi nilimwambia siku. Mwanangu, nimesikia habari za vitabu maisha yangu yote, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kipofu anaweza kuwa na sehemu yake ndani ya kitabu. Lakini nilinyamaza Jumatatu ile, na hilo sitalisahau. Amua wewe."

Zamda akaona na hilo ni kweli. Sasa alikuwa amechanganyikiwa kuliko alipotoka nyumbani.

Akaenda kwa Maalim Chande, aliyefundisha madrasa na kukijua Kiarabu. Akamwamkia, akaketi kwenye mkeka, akamweleza yote.

"Neno hilo lina asili ya Kiarabu," Maalim akasema. "Harrara. Maana yake ya kwanza ni kumwacha mtu huru, kama kumtoa mtumwa utumwani. Huru na uhuru ni ndugu zake. Kisha likatumika pia kwa maandishi: kuyaandika sawasawa, kuyaweka safi."

Zamda akanyanyua kichwa. "Kumbe ni kuweka huru! Basi ni Fikiri. Yeye ndiye aliyewatoa watu kwenye hatari. Wale watoto sita wa Litingi hawakuokolewa na jicho wala na sikio."

"Inawezekana," Maalim akasema. "Ila linapotumika kwa maandishi, kinachowekwa huru ni maandishi. Ni kama kuyatoa maneno kwenye kosa lililoyafunga. Kwa maana hiyo, ni nani aliyeyafungua?"

Zamda akafikiri. "Somoe aliona kwamba yamefungwa. Dadi alikuwa na ufunguo. Fikiri alikwenda kufungua milango mia na arobaini."

"Umeona ugumu wake."

"Na hii hariri ya shali, Maalim? Mama alichagua shali ya hariri. Alikuwa ananipa ishara?"

"Hariri ya nguo inatokana na herufi zilezile. Wapo wanaosema maandishi yaliyohaririwa huwa laini, hayana mikwaruzo, kama hariri. Mimi sina uhakika kama maana hizo mbili zilianzia mahali pamoja au zimekutana tu njiani. Isitoshe, katika herufi hizohizo kuna harara, yaani joto, na sisi tunasema mtu anatoka hari akitokwa na jasho."

"Laini kama hariri, hilo ni la Somoe, anayeona kila kilichokwaruza," Zamda akasema, akihesabu kwa vidole. "Jasho ni la Fikiri. Huru ni la... Maalim, nilikuja na swali moja, narudi na manne."

Maalim akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka alipoona binti wa watu anafuta macho. "Mama yako alikuwa mtu wa kupima maneno," akasema. "Kama alisema moja, alikuwa na moja moyoni. Lakini lipi, hakutuachia."

Jioni yake, jua likiwa bado kali, Fikiri akaja mwenyewe kwa Zamda kabla hajaitwa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo si yako, Zamda, wewe ni mdogo wangu," akaanza, akajaribu kutabasamu, ikamshinda. "Nasikia unauliza maana ya neno. Mimi sijui maana. Ninachojua ni kwamba vitabu mia na arobaini vina mwandiko wangu. Ukivifungua ukurasa wa nne, herufi zile za wino ni zangu. Hicho ndicho kitabu watu walichonacho majumbani. Somoe na Dadi walisahihisha sokoni, kwa mdomo. Kitabu chenyewe, karatasi yenyewe, imeguswa na mimi."

"Lakini wewe ndiye uliyeviondoa kabla havijasomwa, kaka Fikiri."

"Mimi," akakubali. "Kule Nahimba watoto wananiita Baba Sumu. Ningejifunga shali ya Bibi Atiye hata siku moja nikapita pale nayo, wangeacha."

Zamda akanyanyuka kwenda mtungini. Alimpa maji, akanywa, akaenda zake.

Kesho yake Zamda aliwaita wote watatu uani kwake. Walikuja kwa wakati mmoja, wakaketi kwenye mkeka mmoja bila ugomvi, maana walikuwa wamependana zaidi tangu siku ile. Hilo ndilo lililomzidishia uzito. Laiti wangegombana, angepata wa kumkasirikia.

"Nimefikiri niikate vipande vitatu," Zamda akasema.

"Usiikate," Somoe akasema haraka. "Itafumuka yote."

"Basi mvae kwa zamu."

"Mama yako hakusema izungushwe," Dadi akasema. "Alisema apewe."

"Basi nibaki nayo mimi, nisimpe mtu."

 Fikiri ndiye aliyelijibu, tena kwa upole. "Hapo utakuwa umelifuta neno la marehemu, Zamda. Sisi tulitaabika hivi kwa sababu neno lake moja lilibadilika."

Zamda alisimama na ile shali mikononi. Aliwatazama mmoja mmoja. Huyu jicho lake lilikosea, na jicho hilohilo likaona. Huyu alinyamaza alipotakiwa kusema, na alipoulizwa akalirudisha neno zima kama lilivyokuwa. Huyu aliisambaza sumu kwa pupa, na miguu ileile ikaikusanya. Ondoa mmoja, na mtoto mmoja wa Litingi leo anatambaa kwa magoti. Akapiga hatua kuelekea kwa Somoe, akasita. Akageuka kwa Dadi, ambaye hakujua kwamba amegeukiwa. Akamwangalia Fikiri, naye Fikiri akainamisha macho.

Wanaosimulia kisa hiki hapa ndipo wanapotofautiana. Wa Mkalinda husema alimpa Somoe, wa Nahimba huapa ni Fikiri, na nimewahi kukutana na mama mmoja aliyesema kwa uhakika kabisa kwamba aliiona kwenye mabega ya Dadi. Mimi sikuwepo. Nilipofika mjini miaka mingi baadaye, Zamda alikuwa mtu mzima. Nilimwuliza, akanitazama akasema, "Wewe kwanza. Ungempa nani?" Sikuweza kumjibu, naye akakataa kuniambia.

Kwa hiyo nawaletea ninyi, wakubwa kwa wadogo. Shali ni moja, na marehemu alisema mmoja. Yupo aliyeona, yupo aliyejua, yupo aliyefikisha. Semeni basi, na kila mmoja atoe sababu yake: ni nani kati yao aliyekihariri kitabu cha Bibi Atiye?